Opsheni Si Mgeni Pwani

Siku hizi simu zimejaa vijana wanaokuambia ati kuuza opsheni juu ya hisa zako ni hela ya bure. Una hisa, unamuuzia mtu haki ya kuzinunua kwa bei mliyopatana kabla ya tarehe fulani, naye anakulipa hapo hapo. Soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa 1973, basi tunadhani ni akili ya Wamarekani. Zii. Babu zetu wa pwani waliijua hesabu hii.

Karne ya 19, Mombasa ikiwa chini ya Mabusaidi tangu 1837, himaya yao kuanzia Oman hadi Zanzibar ilitumia bei hiyari, yaani mauzo yenye hiari ndani yake. Mwenye shamba au nyumba anataka pesa, na riba ni haramu. Basi anamuuzia tajiri, mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi, lakini anabaki na hiari ya kuinunua tena kwa bei ileile kabla ya muda kwisha. Mara nyingi alibaki mlemle ndani akilipa kodi.

Sasa chukulia nyumba ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, imeuzwa hivyo kwa riale 500. Tajiri ndiye wewe muuza opsheni: mali unayo, kodi inaingia. Nyumba ikipanda hadi 800, mwenyewe anarudi na 500 zake na huna budi kumwachia. Ikishuka hadi 300, harudi, na hasara ni yako. Yaani faida imewekewa dari, lakini sakafu haipo. Hiyo ni hela ya bure gani?

Ndio maana tajiri mwenye akili hatoi 500 kwa nyumba ya 500. Anatoa chini ya thamani yake, ili ajikinge. Nawe ukiuza opsheni, panga bei ambayo hata hisa zikichukuliwa utalala usingizi, na usitegemee malipo yale madogo yakuokoe soko likianguka.

Upande wa pili pia una funzo. Hiari ya mwenye nyumba ilikuwa na tarehe. Muda ukipita na pesa hana, nyumba ya 800 imekwenda kwa 500, na watoto wanahama.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "kubali" kwenye apu yoyote, uliza maswali mawili: hiari iko mkononi mwa nani, na inaisha lini? Na mali ambayo hungependa kuachana nayo, usimuuzie mtu hiari yake.