Hela za hojaji zilianzia Kilifi



Nikiwa chuoni nilituma shilingi 300 kwa M-Pesa nisajiliwe kwenye tovuti ya kujaza hojaji. Nilikesha hapa Kitengela nikijibu maswali. Siku ya kutoa pesa, tovuti haikufunguka tena.

Hasira zilipopoa nikachimba historia. Nathan Eagle, aliyewahi kufanya kazi Kilifi, aliunda mfumo wa wauguzi kuripoti kwa SMS akiba ya damu hospitalini. Mwanzoni ujumbe ulimiminika, kisha ukakauka. Programu haikuwa na hitilafu (sisi hukimbilia kushuku kodi kwanza!). Kumbe kila SMS muuguzi alijilipia mwenyewe. Akaongeza mistari michache ya kuwarudishia kredi ya simu na ziada kidogo, ujumbe ukarudi. Wazo hilo likazaa kampuni ya txteagle. M-Pesa ilikuwa imeanza 2007, na 2012 ikaja mSurvey, ya kuuliza watu maswali kwa simu.

Juzi binamu yangu wa Kajiado aliniomba 500 ajisajili kwenye tovuti nyingine. Nikamsimulia habari za wauguzi wa Kilifi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo hutumi?"