Msongamano wa nukta katika grafu ya mtawanyiko

Msongamano wa nukta ni hali inayotokea pale data nyingi zinapochorwa kwenye grafu ya mtawanyiko hadi nukta zikalaliana na kuwa doa moja. Mfano maarufu ni data za almasi 53,940 zinazoambatana na ggplot2, kifurushi cha lugha ya programu R. Karati zikiwekwa kwenye mhimili mlalo na bei kwenye mhimili wima, sehemu kubwa ya grafu huwa nyeusi tii. Msomaji hajui kama mahali fulani pana almasi kumi au elfu moja.

Tiba ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa nukta na ukolezo wa rangi yake, ili weusi uonekane pale tu zinapolundikana. Hapo michirizi ya wima hujitokeza kwenye karati 1, 1.5 na 2, kwani wakataji hupendelea uzito huo. Data zikizidi sana, hata njia hii hushindwa. Mwaka 1987 Daniel Carr na wenzake walipendekeza eneo ligawanywe katika pembesita ndogo, kila moja ikionyesha idadi ya nukta zilizomo. Kuchora sampuli ni rahisi zaidi, ila hupoteza thamani adimu, ambazo mara nyingi ndizo zinazotafutwa.