Kuvu iliyouzuia mpira kustawi kwao

MTI wa mpira asili yake ni msitu wa Amazon, Amerika ya Kusini. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 80 ya mpira wa asili unaotumiwa duniani hutoka Asia, Thailand ikiwa mstari wa mbele.

Chanzo kikuu cha kinaya hiki ni kuvu ambayo wataalamu huiita Pseudocercospora ulei. Kuvu hiyo huvamia majani machanga, yale yanayochipuka yakiwa na rangi ya shaba baada ya mti kupukutisha majani ya zamani. Penye unyevu mwingi, majani hayo huingia madoa, hujikunja na kudondoka. Mti hulazimika kuchipua upya, ukashambuliwa tena, hadi matawi yakauke na hatimaye mti wenyewe ufe.

Mwaka wa 1876, Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London. Chini ya asilimia nne ndizo zilizoota, na miche yake ikapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Singapore. Kuvu ilibaki nyuma.

Msituni Amazon, miti ya mpira humea mmoja hapa, mwingine kule, na ugonjwa haupati daraja la kuvukia. Mmarekani Henry Ford alipoanzisha shamba la Fordlandia mwaka wa 1928, kando ya mto Tapajós, miti ilipandwa ikisongamana. Ugonjwa ukaifyeka. Shamba la pili, Belterra, lililoanzishwa mwaka wa 1934, nalo halikunusurika, na mwaka wa 1945 yote mawili yakauziwa serikali ya Brazil kwa hasara kubwa.

Huko Belterra wataalamu walijaribu kuunda mti wa sehemu tatu: mizizi ya mche wa kawaida, shina lenye utomvu mwingi na juu yake matawi yaliyopandikizwa kutoka kwa mti unaostahimili kuvu. Hila hiyo ilifaulu kwa kiasi, ila ilikuwa ghali na mara nyingi ilipunguza mavuno.

Njia nyingine ilikuwa uzalishaji mtambuka. Miti ya Asia yenye mavuno mengi ilichanganywa na jamaa yake wa msituni, Hevea benthamiana, hasa mti uliopewa nambari F 4542. Tatizo ni kwamba ukinzani wa vizazi vingi ulitegemea chimbuko hilo moja, na kuvu ikazua koo mpya zilizouvunja. Mkulima wa ngano wa Kenya aliyekumbana na kutu ya shina aina ya Ug99 anaelewa vyema jambo hili.

Siku hizi watafiti wanapendelea ukinzani unaotokana na jeni kadhaa kwa pamoja, kama ule wa mti MDF 180, uliotoka eneo la Madre de Dios, Peru. Wakulima wa Brazil nao wamehamia jimbo la São Paulo, ambako majani huchipuka wakati wa kiangazi.

Mashamba ya Asia, yaliyo uzao wa mbegu za Wickham kwa sehemu kubwa, hayana kinga ya maana. Ndiyo sababu nchi za huko hudhibiti vikali mimea inayotoka Amerika ya Kusini. Kuvu ikivuka bahari, kupanda upya hakutakuwa tiba ya haraka: mche unaopandwa leo haugemwi kabla ya miaka mitano hadi saba.