Wazee wa Gulu na Elimu ya Maradhi

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu huiandika vizuri katika insha zao. Lakini ni mara chache twajiuliza: maradhi makuu yanapoingia katika nchi, nani humwendea mzee kumwuliza shauri? Na akisha kuulizwa, neno lake huwekwa mahali gani?

Kuwauliza wazee habari za kale si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Bethwell Ogot alitoa kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo, na mwaka 1969 Isaria Kimambo akatoa chake juu ya Wapare. Wote wawili walionyesha kwamba masimulizi ya wazee, yakipimwa na kulinganishwa, yaweza kuwa msingi wa historia ya kweli. Hata hivyo, maswali yao yalihusu mambo yaliyokwisha kupita. Hapa twataka kueleza habari ya wazee walioulizwa wakati hatari yenyewe ingali mlangoni, katika wilaya ya Gulu, kaskazini ya Uganda.

Katika Oktoba 2000 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Gulu. Wakati huo vita vilikuwa vikiendelea katika sehemu hizo, na watu wengi walikuwa wakiishi kambini. Ugonjwa ulifika pia Masindi na Mbarara, na hata ulipotangazwa kuwa umekwisha, katika Februari 2001, watu 425 walikuwa wamehesabiwa kuugua, na 224 kati yao walikufa. Miongoni mwao alikuwamo Dakta Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000 baada ya kuwauguza wengine.

Katika siku hizo Barry Hewlett, mtaalamu wa elimu ya watu na mila zao kutoka Marekani, alifika Gulu kwa mwaliko wa Shirika la Afya Duniani. Alifanya kazi pamoja na Richard Amola, na makala yao ilitolewa mwaka 2003. Waliwauliza wazee, waganga wa jadi, na watu waliougua wakapona. Jambo walilolikuta lilikuwa kubwa: Waacholi walikuwa na jina lao wenyewe la balaa ya namna hii, nalo ni gemo. Kwa maelezo yao, gemo ni roho mbaya ijayo ghafula kama upepo, ikaua watu wengi kwa muda mfupi. Na wazee wakisha kutamka kwamba ugonjwa fulani ni gemo, mwenendo wa kijiji kizima hubadilika.

Mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine, umbali wa mita 100 hivi. Anayemhudumia ni mtu aliyekwisha kuugua akapona. Asipopatikana, ni mzee, mume au mke. Matete marefu husimamishwa penye mlango ili mpita njia ajue asikaribie. Watu hawatembeleani kutoka kijiji hadi kijiji, wala ngoma hazichezwi. Wajawazito na watoto huwekwa mbali na wagonjwa. Aliyepona hungoja mwezi mwandamo mzima ndipo achanganyike na wenzake. Na aliyekufa huzikwa pembezoni mwa kijiji, tena na mtu aliyenusurika na maradhi hayo.

Sharti hili la mwisho ladai tulitazame kwa makini. Katika siku za kawaida, mila ya Waacholi humtaka shangazi wa marehemu amwoshe na kumtayarisha kwa maziko, na waombolezaji hunawa mikono katika chombo kimoja. Desturi hizo, ambazo ni za heshima, ndizo zilizoweza kueneza Ebola. Mtu wa mbali angaliweza kudhani kwamba mila ni adui wa tiba, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kuwavunja wazee nguvu. Kumbe wazee walewale waliohifadhi mila ya maziko walihifadhi pia kanuni ya kuisimamisha. Mtaalamu asiyeuliza angaliona nusu moja tu ya mila, akaishutumu yote.

Hata hivyo, heshima haitupasi kufumba macho. Kanuni ya kumpa mzee kazi ya kumwuguza mgonjwa ingalikuwa ya hatari sana mwaka 2020, kwa kuwa UVIKO-19 iliwaua wazee kuliko vijana. Kwa hiyo maarifa ya zamani hayafai kupokewa mzigo mzima, wala kutupwa mzigo mzima. Yafaa yapimwe kanuni moja moja, na wenyewe wazee wakiwamo katika kupima. Huo ndio ushirika. Katika nchi nyingi mwaka ule wazee walitajwa kila siku kama watu wa kulindwa, na ni haki walindwe. Lakini kumlinda mtu si sawa na kumnyamazisha. Aliyefungiwa ndani asipatwe na maradhi bado ana kauli, na yuko awezaye kumpigia simu.

Na sisi walimu wa lugha twaingia wapi? Twaingia katika neno lenyewe. Tukimfasiria mwanafunzi gemo kuwa ni “tauni”, tumemtajia ugonjwa mmoja tu. Tukisema “janga”, tumetaja hasara bila kanuni. Tukisema “pepo mbaya”, tumeacha matete ya mlangoni na mwezi wa kungoja. Neno moja la Kiacholi limebeba sheria nzima ya afya. Mfasiri aliye mvivu angaliweza kuwafanya wazee wa Gulu waonekane washirikina tu, na ushauri wao usingalifika kwa waganga. Mara nyingine uhai wa watu hutegemea tafsiri.

Tena, ushirika una daraja. Hata katika kazi njema kama hii ya Gulu, majina yaliyoandikwa juu ya makala ni ya watafiti wawili. Wazee walikuwa watoa habari. Hatua iliyobaki ni mzee kushiriki katika kuchagua maswali, kusomewa majibu yake kwa lugha aijuayo kabla hayajapelekwa mbali, na kutajwa kwa jina akiridhia.

Kazi hiyo yaweza kuanza katika darasa. Tunapowatuma wanafunzi kukusanya masimulizi ya ndui, surua au ukambi, na maradhi mengine yaliyopita, tuwafundishe kuandika neno la mzee kama alivyolitamka, kisha tafsiri yake, kisha kurudi kwake na daftari kumwuliza: je, ndivyo ulivyosema? Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na maradhi mengine yatakuja. Methali yatuambia wazee wakiwapo neno haliharibiki. Basi na tuhakikishe kwamba wapo, si katika methali tu, bali na katika daftari zetu.