Sekunde za Mwisho: Kanuni, Uwezo na Mbio za Hatua Zikitazamwa kutoka Kagera

Septemba 2011, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alimaliza Vuelta ya Uhispania, mbio za hatua ambazo muda wa kila siku hujumlishwa, akiwa wa pili. Baada ya wiki tatu barabarani, kati yake na mshindi, Mhispania Juan José Cobo, palikuwa na sekunde 13. Aliyesoma jedwali la matokeo alielewa kwamba Cobo ametumia muda mfupi zaidi. Haikuwa hivyo. Saa ikihesabiwa peke yake, Froome ndiye aliyemaliza safari ile kwa muda mfupi kuliko wote. Kilichomweka Cobo mbele ni bonasi, yaani sekunde anazopunguziwa mwendeshaji kwa kuingia katika watatu wa kwanza kwenye utepe au kwa kuwahi vituo fulani vya njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka ule mshindi wa hatua alipunguziwa sekunde 20, wa pili 12, wa tatu 8. Kwenye mlima wa Angliru, Cobo aliwaacha wenzake akavuna zote 20. Froome aliingia wa nne, sekunde 48 nyuma, pamoja na wa pili na wa tatu kwa muda uleule; wao wakapata bonasi, yeye akaambulia patupu. Walipofika mlima wa Peña Cabarga, Froome alikuwa anadaiwa sekunde 22. Alishinda hatua hiyo kwa sekunde moja tu mbele ya Cobo. Sekunde moja ya barabarani ikaongezwa nane za bonasi, yaani 20 kutoa 12, pengo likashuka hadi 13, na hapo likaganda mpaka Madrid. Ikumbukwe pia kwamba sehemu ya mbio hizo Froome aliitumia kumvuta nahodha wake wa timu ya Sky, Bradley Wiggins, aliyemaliza wa tatu. Julai 2019 Cobo alivuliwa taji kwa makosa ya dawa za kuongeza nguvu na Froome akatangazwa mshindi, lakini hayo nayaweka kando. Hoja ya makala hii haihitaji mtu awe ametenda kosa.

Hoja yenyewe ni kwamba ushindi mwembamba katika mbio za hatua hutueleza zaidi kuhusu kanuni za mbio kuliko kuhusu tofauti ya uwezo kati ya wawili waliotangulia. Kwa sababu hiyo napendekeza wembamba usipimwe kwa idadi ya sekunde. Pengo liitwe jembamba pale ambapo kubadili kanuni moja tu, tena kwa namna ambayo waandaaji wengine wanaitumia kihalali, kungempa taji mtu mwingine. Wapenzi wa ligi ya mpira wanalijua hili: timu mbili zikilingana pointi, tofauti ya mabao inaweza kuivika taji moja, na matokeo ya walipokutana wenyewe yakaivika nyingine. Wala si mfano wa kufikirika tu kwa upande wa baiskeli. Tour de France yenyewe ilifuta bonasi za utepe mwaka 2008, ikazirudisha 2015. Kwa hiyo Vuelta ya 2011, ikiendeshwa kwa kanuni ambazo majirani zao Wafaransa walikuwa wakizitumia mwaka uleule, ingempa ushindi kijana wa Nairobi bila kusubiri maabara.

Mfano ulio wazi zaidi ni Tour de France ya wanawake ya Agosti 2024, ambapo Mpoland Kasia Niewiadoma alimshinda Mholanzi Demi Vollering kwa sekunde nne. Asubuhi ya siku ya mwisho Vollering alikuwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 15. Alichomoka kwenye mlima wa Glandon, akapanda Alpe d'Huez na kushinda hatua. Niewiadoma akaingia dakika 1 na sekunde 1 baadaye. Ukitoa 61 katika 75 zinabaki 14. Ukitoa na 10 za bonasi ya mshindi zinabaki nne. Watangazaji waliipokea siku hiyo kama siku ambayo kila kitu kiliamuliwa mlimani. Mimi naona mbio ziliamuliwa siku tatu nyuma, karibu na mji wa Amnéville, Vollering alipoanguka akiwa na jezi ya njano ya kinara kilomita sita hivi kabla ya utepe, akapoteza dakika 1 na sekunde 47 kwa mshindi wa siku hiyo, Blanka Vas, ambaye alikuwa mwenzake wa timu. Kanuni humlinda mwendeshaji anayeanguka ndani ya kilomita tatu za mwisho: hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Vollering alianguka nje ya mpaka huo. Mpaka wa kilomita tatu umewekwa na watu mezani, tena kwa sababu nzuri, ila hakuna anayeweza kusema kwamba kuanguka kwenye kilomita ya sita kunapima nguvu ya miguu kuliko kuanguka kwenye ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji hawalioni. Katika hatua za kawaida, muda huandikwa kwa sekunde nzima, na walio katika kundi moja hupewa muda mmoja hata kama gurudumu la wa mwisho limepita utepe kitambo kidogo baada ya la kwanza. Sehemu za sekunde hubaki tu kwenye mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa. Mbio za 2024 zilikuwa na hatua nane. Pengo la sekunde nne juu ya hatua nane, saba kati yake zikiwa zimekatwa hivyo, ni pengo halali kabisa, ila ni zito kikanuni kuliko lilivyo zito kimwili.

Msomaji anaweza kupinga, na pingamizi lake lina nguvu. Kanuni hujulikana kabla ya mbio, zinawabana wote sawasawa, na kuzitumia vizuri ni sehemu ya ufundi. Nakubali. Niewiadoma na timu yake walizijua, wakazitumia, na hakuna cha kumnyang'anya. Lakini kanuni kuwa sawa kwa wote hakufanyi ziwe na faida sawa kwa wote. Bonasi ya utepe humlipa mwenye kasi ya mita mia mbili za mwisho. Hatua ndefu ya saa, yaani ya mmoja mmoja, humlipa anayeweza kukaa peke yake dakika hamsini bila kulegea. Anayechagua kipi kilipwe na kwa sekunde ngapi amekwisha kuchagua aina ya bingwa.

Si kila mapinduzi ya mwishoni yanaingia katika hesabu hii. Mwaka 2020 kwenye Tour de France, siku moja kabla ya Paris, Tadej Pogačar alianza hatua ya saa ya kilomita 36.2 kuelekea La Planche des Belles Filles akiwa sekunde 57 nyuma ya Primož Roglič, akamaliza ziara yote sekunde 59 mbele. Pengo hilo ni chini ya dakika, lakini si jembamba kwa kipimo nilichotoa, kwa kuwa mtu aliyegeuza takriban dakika mbili katika mchana mmoja hakuhitaji msaada wa kanuni. Miaka minne baadaye, kwa sababu Paris ilikuwa na Olimpiki, ziara ilimalizikia Nice kwa hatua ya saa, jukwaa kamili la kupindua meza. Pogačar alikuwa mbali mno, akashinda na hatua hiyo, akamaliza zaidi ya dakika sita mbele ya Jonas Vingegaard. Jukwaa peke yake halitoshi kama hakuna pengo dogo la kuchezea.

Julai 23, 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, inabaki kuwa siku ngumu zaidi kuiweka katika fungu lolote. Kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5 za hatua ya saa, Mmarekani Greg LeMond alimpokonya Mfaransa Laurent Fignon sekunde 58, na kwa kuwa alikuwa nyuma kwa 50, akashinda kwa nane. Fignon alikuwa na kidonda cha tandiko, na alipanda bila kofia, nywele zimefungwa nyuma. LeMond alitumia usukani wenye mikono iliyochomoza mbele, unaomwezesha mtu kulala na kuukata upepo. Inasahaulika kirahisi kwamba usukani ule haukutokea siku ile. LeMond aliutumia mapema katika ziara hiyohiyo, kwenye hatua ya saa ya kwenda Rennes, waamuzi wakauona wakauacha, na timu ya Fignon ikauona pia. Walikuwa na zaidi ya wiki mbili za kuamua. Hapo kanuni ilinena kwa kunyamaza, na sijui kama kuna kanuni inayotenda kazi kubwa kuliko ile ambayo waamuzi wameamua kutoitumia.

Kwa Kagera, maswali haya yako karibu kuliko ramani ya michezo ya Tanzania inavyoonyesha. Ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, Tour du Rwanda imekuwapo tangu 1988, ikaingia kalenda ya shirikisho la dunia, UCI, mwaka 2009, ikapandishwa daraja 2019. Mwaka 2023 Mweritrea Henok Mulubrhan aliitwaa kwa kushinda hata hatua ya mwisho mjini Kigali, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya barabarani. Upande wetu, mbio za baiskeli za Kanda ya Ziwa kwa kawaida ni za siku moja: anayetangulia kwenye utepe anachukua zawadi, na hakuna cha kujumlisha kesho. Mfumo huo umezaa waendeshaji hodari wa tambarare za Usukumani. Kwa milima ya Bukoba na Muleba haufai sana.

Anayetoka Bukoba kwa lami kuu, akapita Kemondo hadi Muhutwe, anaweza kuendelea na barabara hiyo au kupanda kwa Kamachumu kisha kutokea Muleba. Kwenye mpando huo wa Kamachumu hukutana na wasafirishaji wa ndizi. Mikungu imefungwa kwenye keria kwa vipande vya mpira wa ndani, mwingine umening'inia ubavuni. Anayeshuka huiachia breki kazi nusu, nusu nyingine hufanywa na soli ya kandambili iliyokanyaga tairi la nyuma. Anayepanda husukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Mtu wa namna hii, akipewa baiskeli nyepesi, hatarajiwi kumshinda kijana wa Shinyanga kwa mbio za mita mia mbili za mwisho. Mpe mpando wa nusu saa peke yake, saa ikihesabu, ndipo atapimwa kwa kile anachokijua.

Kwa hiyo, endapo waandaaji wa Kagera wataanzisha mbio za siku tatu kati ya Bukoba na Muleba, ningewashauri wasiige bonasi za 10, 6 na 4 kwa sababu tu Ulaya wanazo. Siku ya mwisho iwe ya mmoja mmoja, Muhutwe hadi Kamachumu. Barabara kuu haifungiki kirahisi, kwani daladala na malori ya mpakani Mutukula hayawezi kusimama asubuhi nzima. Tawi la Kamachumu linafungika. Ulinzi wa walioanguka nao usipimwe kwa kilomita tatu za kawaida, bali uanzie kileleni kwa kila hatua inayomalizikia mteremkoni. Na kwa kuwa mwanzoni saa zitakuwa za mkononi, mwamuzi wa Muhutwe na wa Kamachumu walinganishe saa zao mbele ya timu zote, kisha itangazwe usiku wa kuamkia siku ya kwanza ni pengo la sekunde ngapi litakalohesabiwa sare, na sare hiyo itaamuliwaje.