Jinsi ya kutengeneza ndege yenye mabawa yanayocheza kweli

Leo ni zamu ya ndege za kwenye kompyuta, hasa mabawa. Ukiweza kutengeneza bawa linalocheza sawasawa, umeshaelewa ndege inavyogeuka angani. Na hununui kitu: FlightGear ni simuleta ya bure, na Blender ya kuchorea ni bure pia. Blender unaibeba hata kwenye flashi. FlightGear ni nzito, mwombe mwenye kafe aipakue mara moja tu.

Vipande vya bawa

1. Eleroni: ziko nyuma ya bawa, karibu na ncha. Moja ikipanda ya upande wa pili inashuka, ndege inalala upande.
2. Flapu: ziko nyuma pia, karibu na mwili. Zinashushwa wakati wa kupaa na kutua.
3. Spoila: ziko juu ya bawa. Zinainuka kuua nguvu ya kunyanyua.

Kazi yenyewe

Kila kipande kichore peke yake na ukipe jina. Ukikigandisha na bawa hakitacheza. Hifadhi kwa mfumo wa AC3D, halafu andika faili la XML, hata Notepad inatosha. Humo taja jina la kipande, namba ya simuleta inayokiendesha, digrii zake, na bawaba ilipo. Namba ya eleroni inatembea kati ya -1 na 1. Ukiweka 20, itafika digrii 20 juu na 20 chini.

Hapo kwenye bawaba ndipo wengi wanakwama. Mabawa ya ndege kubwa yamelala kwa nyuma, kwa hiyo mstari wa bawaba ufuate huo mshazari. Ukiunyoosha kushoto-kulia, eleroni itachomoka nje ya bawa.

Kupinda je?

Boeing 787, kama ile ya Air Tanzania iliyofika Julai 2018, ikiwa angani ncha za mabawa zinapanda juu, maana mabawa ndiyo yamebeba uzito wa ndege. Kata bawa vipande kadhaa, kila kimoja kizunguke kidogo kutoka pale kilipoishia chenzake.

Angalia upande!

Sukuma joistiki kushoto: eleroni ya kushoto ipande, ya kulia ishuke. Ikiwa kinyume, weka alama ya kutoa mbele ya digrii, basi.

Msione ni mchezo. Tarehe 11 Novemba 2018 huko Ureno, Embraer 190 ya Air Astana ilipaa baada ya matengenezo huku nyaya za eleroni zimefungwa kinyume. Marubani walihangaika nayo muda mrefu mpaka wakatua Beja, na wote 6 walitoka hai. Kwa hiyo kabla hujapaa, hata kwenye skrini, cheza usukani pande zote uangalie bawa.

Mwenye swali alitupie kwenye maoni, nitajibu.