Nyumba mpya: Msanifu majengo au kampuni ya ujenzi?

KWA Watanzania wengi, nyumba ni matumizi makubwa kuliko yote wanayoyafanya maishani. Hata hivyo, uamuzi wa nani akabidhiwe kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa kulinganisha bei peke yake.

Mwenye kiwanja huwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ni kumwajiri msanifu majengo achore ramani, kisha kumtafuta mkandarasi wa kuijenga. Ya pili ni kuikabidhi kampuni moja kazi yote, tangu kuchora hadi kukabidhi funguo.

Njia ya msanifu

Msanifu huanza na mahitaji ya familia, mteremko wa kiwanja, jua na upepo. Mhandisi hukokotoa uimara wa msingi, nguzo na jamvi, na mkadiriaji majenzi huorodhesha kazi na vifaa pamoja na gharama zake. Kwa kuwa makandarasi wote hupewa ramani na orodha zilezile, bei zao huweza kulinganishwa kwa haki.

Ujenzi unapoanza, msanifu aliyepewa usimamizi hukagua kazi kwa niaba ya mwenye nyumba na kuidhinisha malipo kwa kadiri ilivyofanyika. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ada hulipwa kabla tofali halijawekwa, maandalizi huchukua muda, na bei kamili huchelewa kujulikana.

Njia ya kampuni

Kampuni hutoa mkataba mmoja na bei inayojulikana mapema. Kasoro ikitokea, mchoraji na mjenzi hawawezi kutupiana lawama, kwani ni mtu mmoja.

Hatari yake imo humohumo. Anayechora ndiye anayejenga, na ndiye anayejikagua. Bei inaweza kuonekana nafuu kwa sababu mkataba umetaja "bati" bila kueleza kuwa ni la geji 30, ambalo ni jembamba kuliko la geji 28, au umetaja "nondo" bila kipenyo chake. Mwenye nyumba huiona rangi na vigae, lakini uimara umo katika vitu vinavyofunikwa: kina cha msingi, mpangilio wa nondo, uwiano wa saruji na kokoto, na siku ambazo zege lilimwagiliwa maji.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024, jingine liliporomoka Kariakoo. Majengo hayo yalikuwa makubwa kuliko nyumba ya familia, lakini kanuni ni moja: zege likishamwagwa, kilicho ndani hakionekani tena.

Uhakiki

Wasanifu na wakadiriaji husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na wakandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi zote mbili chimbuko lake ni sheria za mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Ni vyema namba ya usajili ihakikiwe kwenye bodi husika kabla ya kutia saini, na kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya kuchimba msingi.

Njia ya kati

Anayevutiwa na kampuni anaweza kumlipa msanifu au mhandisi asiye na uhusiano nayo akague hatua chache: kabla ya kumwaga zege la msingi, la jamvi na la lenta, na kabla ya kupaua. Malipo yafuate ukaguzi huo, na sehemu yake, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10, izuiwe hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Mkataba pia ueleze ramani zitabaki mikononi mwa nani endapo pande mbili zitaachana njiani.

Kwa nyumba ya kawaida kwenye kiwanja tambarare, kampuni yenye sifa inaweza kutosha. Kiwanja kikiwa cha mteremko, au nyumba ikiwa ya ghorofa, ni busara kuanza na msanifu. Katika hali zote mbili, mkaguzi wa kazi awe mtu anayelipwa na mwenye nyumba, asiwe wa mjenzi.